Vikari Anaondoka, Parokia Inabaki
Historia fupi ya kuagana na kupokeana katika misioni za Ziwa Tanganyika



Furaha yetu ya mwaka huu imechanganyika na huzuni. Padri vikari wetu amekwisha kupokea barua ya Baba Askofu. Sherehe zikiisha, atafunga mizigo na kwenda kutumika mahali pengine. Tangu habari hiyo isomwe kanisani, watu wanaulizana njiani na katika mashirika: nani atashika kazi ya vijana, nani atatembelea vituo vya mbali wakati wa mvua? Wengine wamefikia kusema kwamba tumwandikie Baba Askofu kumkatalia.

Kwa sababu hiyo tumeona vema, katika kijitabu hiki cha ukumbusho, tusitaje waliofika na kujenga tu. Tueleze pia jinsi watumishi wa Injili walivyoondoka katika nchi hizi za kando ya Ziwa Tanganyika, na ni nini kilichobaki nyuma yao. Maana kila misioni ina historia mbili: ya wanaofika na ya wanaoondoka. Ile ya kwanza tunaiimba kila Yubile; ya pili hatuisimulii mara nyingi.

Jina la vikari

Tuanze na jina lenyewe. Neno «vikari» limetoka katika Kilatini, na maana yake ni mtu anayesimama mahali pa mwingine. Katika parokia, vikari ni padri anayeshirikiana na paroko na kutenda kazi chini ya uongozi wake. Lakini zamani katika nchi yetu, hata askofu aliitwa vikari. Mgr Victor Roelens, Mbelgiji wa Wapadri Weupe, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1896, alikuwa Vikari Apostoliki wa Kongo ya Juu. Basi aliongoza kwa jina la Baba Mtakatifu, wala si kwa jina lake mwenyewe. Hali hiyo iliendelea mpaka tarehe 10 Novemba 1959, Papa Yoane XXIII alipozigeuza vikarieti za Kongo kuwa majimbo kamili yenye maaskofu wake.

Sheria ilibadilika, lakini fundisho la jina lile halikubadilika. Padri ye yote, awe vikari au paroko, amekaa mahali pa Mwingine. Hakuja na kundi lake, naye hataondoka nalo. Anayelisahau jambo hilo, awe padri au mkristu, atapata taabu siku ya kuagana.

Makabidhiano ya kwanza

Wapadri Weupe, walioanzishwa na Mgr Lavigerie huko Alger mwaka 1868, walifika Ujiji mwezi wa kwanza wa mwaka 1879. Mwaka 1880 walivuka ziwa wakajenga Mulweba katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakahamia Kibanga. Vituo vyote viwili viliachwa baadaye. Hivyo tangu mwanzo wazee wetu walijua kwamba nyumba ya misioni yaweza kuhama, na padri yaweza kumpasa kuondoka mahali alipopanda kwa jasho.

Mpala ilikuwa na mwanzo mwingine. Mwaka 1883 Mbelgiji mmoja, afisa Émile Storms, alijenga boma hapo kwa jina la Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichokuwa cha mfalme Leopold II. Mwaka 1885 Storms aliitwa kurudi Ulaya, na boma la Mpala likatiwa mikononi mwa Wapadri Weupe. Lakini kabla ya kuondoka, katika mwaka 1884, watu wake walikuwa wamempiga vita sultani Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa. Storms aliondoka na fuvu hilo, likawekwa kati ya vitu vya makumbusho ya Brussels.

Twalitaja jambo hili zito katika kijitabu cha Yubile kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linatufundisha. Anayeaga hupimwa kwa mambo mawili: alichochukua na alichoacha. Boma lile lilikuja kuwa misioni, na misioni ikazaa Wakristu wengi. Lakini jeraha la wazao wa Lusinga nalo lilikuwa sehemu ya urithi ulioachwa.

Waliobaki

Kuna wageni waliokuja wasirudi kwao kamwe. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alifika Mpala mwaka 1887 ili kuwalinda watu na wafanyaji wa biashara ya watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnesi, binti wa nchi hii, akakaa kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1927. Ng'ambo, huko Karema, Adrian Atiman alifanya vivyo hivyo. Alikuwa mtoto wa Mali aliyekombolewa utumwani, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akawa mganga na katekista wa Karema kwa miaka zaidi ya 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Wapadri wangapi walifika Karema na kuondoka machoni pake! Wengine walihamishwa, wengine walizikwa. Yeye alibaki na dawa zake na katekisimu yake.

Tuangalie vema: hao wawili hawakuwa wapadri. Na ndivyo ilivyokuwa katika kila kituo. Padri alipita na kupanda mtumbwi. Mwalimu alibaki kijijini, akapiga kengele ya sala ya asubuhi, akafundisha wakatekumeni, akawabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Kardinali Lavigerie alikuwa ameamuru kwamba mtu afundishwe miaka minne kabla ya kupata Batizo. Kwa wakati ule wa homa na vifo, miaka minne ilikuwa mirefu kuliko maisha ya wapadri wengi katika kituo kimoja. Mara nyingi padri aliyeandika jina la mkatekumeni hakuwa yeye aliyemmiminia maji. Katikati yao alisimama mwalimu, na bila yeye kamba ingalikatika.

Mtoto wa nyumba anapokea

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Mgr Roelens alimpadirisha Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Siku hiyo ilionekana wazi kwamba anayepokea kazi ya padri aliyeondoka si lazima awe mgeni mwingine kutoka Ulaya. Aweza kuwa mtoto wa nyumba. Padri Kaoze alifariki mwaka 1951, na nyuma yake wamefuata wengi.

Mmoja wao ni Padri Albert Joubert, mwana wa yule Kapteni na Agnesi, aliyezaliwa mwaka 1908. Baba yake alikuja kutoka mbali asiondoke. Mwana naye alifia katika kazi ya upadri. Wakati wa maasi, tarehe 28 Novemba 1964, aliuawa Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè wa Wasaveriani. Siku ileile, huko Baraka, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin walikuwa wamekwisha kuuawa. Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, Eklezya iliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Hapo twajifunza kwamba kuondoka kuna namna zake. Kuna kuondoka kwa damu, kama hao wanne, na kama Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Kuna kuondoka kwa kufukuzwa, kama Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, ambaye wenye kuushika mji wa Bukavu walimzuia kukaa na kundi lake tangu mwezi wa pili mpaka mwezi wa tisa wa mwaka 2000, akakaa Butembo. Na kuna kuondoka kwa utii, mtumishi anapotumwa na askofu wake. Vikari wetu anaondoka kwa namna hii ya tatu. Tusimlilie basi kana kwamba amefukuzwa, wala tusimgeuze Baba Askofu kuwa adui. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 552, yampa askofu uwezo wa kumwondoa vikari wa parokia kwa sababu ya haki. Twaweza kumweleza Baba Askofu mahitaji yetu kwa heshima. Hatuwezi kumfungia padri mlango asitoke.

Yanayopaswa kukabidhiwa

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, walipokutana katika mkutano wao mkuu, waliamua kwamba Eklezya ijengwe juu ya jumuiya hai za Wakristu. Kutoka hapo yamekua mashirika yetu ya mitaani. Mwaka 1975, huko Kinshasa, Kardinali Malula aliwaweka bakambi wa kwanza, yaani walei waliopewa kuongoza parokia, huku padri akiwasaidia kwa sakramenti. Maana ya hatua hizo ni moja: parokia isiwe kama nyumba yenye nguzo moja, ambayo ikiondolewa, dari yote huanguka.

Swali letu la sasa, basi, lisiwe tu nani atakuja. Tuulize kwanza: sisi tunaobaki, tumeshika nini mikononi?

Cha kwanza ni vitabu vya parokia. Kanuni ya 535 yaagiza kuwapo vitabu vya Batizo, vya Ndoa na vya Marehemu, viandikwe barabara na kutunzwa kwa uangalifu. Mzee akija kutafuta cheti chake cha Batizo, hukuta mwandiko wa padri aliyekwisha kufa zamani. Mwandishi amekufa, Batizo ni hai. Lakini kama jina halikuandikwa, au karatasi zimeliwa na mchwa, mtu huyo ataanza kutafuta mashahidi kwa shida nyingi. Kila Batizo lililofanywa kituoni lazima liandikwe kabla vikari hajaondoka.

Cha pili ni mali. Tuseme wazi jambo linalojulikana na kila mtu: katika parokia nyingi ugomvi wa kuagana huzuka juu ya pikipiki, jenereta, viti na mabati. Ni zawadi ya padri, au ni mali ya parokia? Kanuni ya 537 yataka kila parokia iwe na baraza la mambo ya fedha. Baraza hilo likifanya kazi, kila kitu kimeandikwa siku kilipoletwa, na hakuna atakayemsingizia padri wala kumwibia mrithi wake. Mtume Paulo, alipowaaga wazee wa Efeso huko Mileto, aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu. Walilia wakamkumbatia, lakini hesabu yake ilikuwa safi, na machozi yao yalikuwa safi pia.

Cha tatu ni watu: wagonjwa wanaopelekewa Komunyo nyumbani, wakatekumeni waliofika mwaka wa mwisho, ndoa zinazotafutiwa suluhu, vijana wa Xaveri na Kiro, wanakwaya waliogombana na bado hawajapatana. Mambo haya hayaandikwi yote katika kitabu. Vikari anayeondoka ayaeleze kwa paroko na kwa viongozi wa mashirika, kila moja kwa kiasi kinachofaa, huku siri ya Maungamo ikibaki siri.

Na cha nne ni moyo wetu. Kila padri ana kipaji chake. Mmoja anaimba vizuri, mwingine anahubiri kwa ufupi, wa tatu anajua kujenga. Akija mpya, tusimpime kwa kijiti cha aliyeondoka. Kumekuwa na Wakristu waliojiita wa padri fulani, wakaacha kutoa mchango wao alipohamishwa. Hao hawakumpenda padri kama walivyodhani. Maana walibomoa kwa jina lake kile alichojenga kwa mikono yake.

Neno la mwisho

Kwako, Padri vikari wetu, twasema asante. Umekula chakula chetu, umelala katika kapela zetu zinazovuja, umewazika wafu wetu. Nenda kwa amani kwa hao wanaokungoja. Wao nao wana machozi ya kumwaga, kwa kuwa padri wao pia anafunga mizigo ili akupishe wewe.

Kwa yule atakayekuja, twasema karibu. Utakuta vitabu vimeandikwa, sanduku limehesabiwa, walimu wako kazini, na siku ya Mungu kengele inalia. Mengine yamebaki bila kumalizika. Ndiyo kazi yako pamoja nasi.

Na kwetu sisi Wakristu wa parokia hii: Yubile haitupi ruhusa ya kukaa na kuhesabu miaka tu. Waliotutangulia walipokea imani kutoka mikononi mwa watu waliokuwa njiani, wakaishika, wakatupatia. Tusiiache ianguke katika zamu yetu.

Mungu Mwenyezi awabariki wote.