Simu za Programu Huria Rufiji na Kibiti

Simu za mkononi zilizotangulia kuenea katika wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa vitochi: za kupiga, kutuma ujumbe na, baada ya M-Pesa kuanza Tanzania mwaka 2008, kutuma pesa. Programu zake zilikuwa zimefungwa. Aliyeweza kuzibadili ni mtengenezaji peke yake.

Mwaka huohuo ilitoka simu ya kwanza ya Android. Msingi wake ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na sehemu kubwa ya msimbo wa Android iko wazi. Viwanda vingi viliutumia, ushindani ukakua na simu janja zikashuka bei. Kampuni ya simu ya Vodacom nayo ilileta Smart Kitochi, simu ya batani inayotumia KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS ya Mozilla.

Faida ya uwazi huo huonekana kwenye takwimu za afya. Ufuatiliaji wa kaya wilayani Rufiji, Kibiti ikiwa bado sehemu yake, ulianza mwaka 1998 kwa fomu za karatasi. Baadaye programu huria kama ODK na CommCare, iliyojaribiwa mapema nchini Tanzania, ziliigeuza simu kuwa fomu. Mhojaji huchagua majibu kwa Kiswahili, simu hukataa umri usiowezekana, kisha huhifadhi kila kitu hadi mtandao upatikane. Uwezo huo una thamani kubwa katika delta ya Mto Rufiji, ambako vijiji vilivyo kati ya mikoko hufikiwa kwa mashua. Na kwa kuwa msimbo ni huru, wataalamu wa nchini wanaweza kuurekebisha bila kusubiri idhini ya kampuni ya mbali.