Kabla ya Meseji Kulikuwa na Kijitabu

Najua nimekuwa kimya, lakini safari hii nina kisingizio cha maana. Miezi minne sasa nahangaika na kipindi cha redio cha elimu ya fedha kwa vijana (kituo gani, naomba tuache). Tulianza tukiwa na kila kitu anachotakiwa kuwa nacho mtu wa redio wa siku hizi: namba ya WhatsApp, ukurasa wa Instagram, na kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusoma meseji tu. Wiki ya kwanza meseji zilimiminika mpaka bosi akatabasamu. Usiku nikakaa kuzisoma moja moja. Karibu zote zilikuwa salamu. Msalimie mama watoto hapo Mbagala, wasalimie washkaji wote wa kijiweni, naomba wimbo... Kuhusu mikopo na riba, ambayo tuliieleza kwa nusu saa nzima, hakuna kitu.

Sikukasirika sana, maana hiyo nayo ni historia yetu. Wazee wetu walizungumza na redio kwa kadi za salamu, zilizojazwa kwa mkono na kupelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam, halafu wakakaa wakisubiri kusikia majina yao. Kwa hiyo "ushirikishwaji wa wasikilizaji", ambao tunaimbiwa kwenye kila semina, haukuja na simu. Swali lililonisumbua lilikuwa jingine: ni lini redio iliwahi kumfundisha mtu jambo, naye akaamka akalifanya? Nikaanza kuuliza wakubwa, nikaishia mwaka 1973.

Mwaka huo nchi yetu iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kabla yake kulikuwa na majaribio madogo: Kupanga ni Kuchagua, kisha Uchaguzi ni Wako katika mwaka wa uchaguzi wa 1970, halafu Wakati wa Furaha kwa ajili ya miaka 10 ya uhuru. Hiyo ya mwisho ilikuwa na washiriki wapatao 20,000. Mtu ni Afya ikafikisha takriban milioni 2. Hebu soma tena hiyo namba, halafu kumbuka kwamba vijiji vingi havikuwa na umeme, redio zilikuwa chache, na betri ikiisha nguvu ilianikwa juani ili iongeze siku mbili tatu.

Waliwezaje? Wazo lenyewe halikuwa letu. Wakulima wa Kanada walianza kukutana kwenye nyumba za majirani kusikiliza kipindi cha redio na kukijadili mwaka 1941. Wito wao ulikuwa wa maneno manne: soma, sikiliza, jadili, tenda. UNESCO ikasaidia kuupeleka mpango huo India mwaka 1956, ukafika pia Ghana katika miaka ya 60. Kwetu uliangukia kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya ngumbaru yalikuwa yamefunguliwa kila kona, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa na watu waliojua kazi yao.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza kitu. Mimi nilidhani kazi kubwa ilikuwa kutengeneza vipindi. Kumbe vipindi vilikuwa sehemu ndogo. Kazi kubwa ilikuwa viongozi wa vikundi, watu 75,000 waliopewa mafunzo mafupi kwa ngazi: timu ya juu ikafundisha timu za chini yake, nazo zikashuka mpaka kwa yule mtu wa kijijini ambaye angekaa na majirani zake. Vijitabu vilichapwa kwa mamia ya maelfu. Kwa wiki 12 vikundi vilikutana: redio inafunguliwa, kipindi kinasikilizwa, kijitabu kinasomwa kwa sauti (na asiyejua kusoma anasikia), watu wanabishana, halafu wanakubaliana watafanya nini kabla ya kukutana tena. Malaria: fyeka majani, fukia madimbwi. Kichocho, safura na kuhara damu: chimba choo, chemsha maji. Mambo ambayo mtu angeyaona kwa macho wiki inayofuata, na jirani akiona hujafanya, anakuuliza.

Watafiti waliofuatilia walipita nyumba kwa nyumba kwenye baadhi ya vijiji, kabla na baada ya kampeni. Walikuta watu wamebadilika kweli, zaidi kwenye vyoo. Makadirio yaliyotolewa baadaye yanataja mamia ya maelfu ya vyoo vipya nchi nzima. Nimewahi kufanya kazi na watu wenye kamera za mamilioni ambao hawajasababisha hata choo kimoja, na mimi nikiwemo.

Lakini tusilewe. Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi kwenye vijiji sasa ni amri, na nchi nzima iwe imehamia ifikapo mwisho wa 1976. Yaani miezi michache tu baada ya vikundi kufunga vijitabu vyao, familia nyingi ziliambiwa zifungashe. Chungu kinahama, mkeka unahama, hata mlango unaweza kuubeba kichwani. Choo hakihami. Nimejaribu kufikiria mtu aliyechimba shimo lake kwa sababu yeye na majirani zake walijadiliana na kukubaliana, halafu akaliacha kwa sababu ya jambo ambalo hakuulizwa. Kikundi kilikuwa na ruhusa ya kujadili choo kichimbwe vipi na lini. Kama mtu akae hapo au ahamie kwingine, hilo halikuwa kwenye kijitabu.

Na baada ya hapo kampeni zikaendelea: Chakula ni Uhai mwaka 1975, Misitu ni Mali mwaka 1980. Halafu uchumi ukaanguka, na vikundi navyo vikapotea.

Miaka ya 90 ikaja na mbinu nyingine. Wasomaji wengi hapa mtakuwa mnamkumbuka Mkwaju, au mama zenu wanamkumbuka. Twende na Wakati ilianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, mchezo wa kuigiza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, wanawake kila kituo, na mkewe Tunu nyumbani. Hakukuwa na kijitabu wala kiongozi wa kikundi. Kulikuwa na utamu. Watu walitaka kujua Mkwaju ataishia wapi, na aliishia pabaya.

Kuna jambo kuhusu mchezo huu ambalo wengi hawalijui. Kuanzia 1993 hadi 1995 eneo lililopata matangazo kupitia mtambo wa Dodoma halikurushiwa, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Walikuta matumizi ya uzazi wa mpango yameongezeka zaidi kule kulikosikika, kisha Dodoma nayo ikafunguliwa. Kitaalamu ni utafiti safi, mpaka leo unafundishwa vyuoni. Mimi ningependa tu kumuuliza mtu wa Dodoma anajisikiaje. Ila kilichonivutia zaidi ni njia ambayo mabadiliko yalipitia: mtu anasikiliza, halafu anamgeukia mwenzi wake au rafiki na kuanza kumsema Mkwaju, na humo humo wanajisema wao. Kikundi cha 1973 kilikuwa kimerudi, safari hii bila kuitwa, kitandani na kijiweni.

Halafu simu. Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014. Mtoto aliulizwa swali katikati ya kipindi, akachagua jibu na kulituma kwa meseji, hata kwa kitochi cha baba, akarudishiwa majibu. Nakubali, ni kitu kizuri sana. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Tandale aliweza kuijibu televisheni, nayo ikajua amekosea wapi. Mwalimu mwenye watoto 100 darasani hawezi kumfikia kila mmoja hivyo.

Ila ukiiangalia hesabu yote kuanzia 1973, utaona jambo moja halijabadilika. Mwanakikundi alijadili mada aliyopewa. Mpenzi wa Mkwaju aliandika barua kuhusu hadithi iliyokwisha kuandikwa. Mtoto anachagua jibu kati ya majibu aliyowekewa. Kifaa kinazidi kuwa kizuri, lakini anayeuliza ni yule yule, na anayejibu ni yule yule. Pengine wale wa salamu zangu walikuwa wananiambia hivyo kwa njia yao: hujatuuliza tunachotaka, basi tunawasalimia tunaowataka.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilifanya jaribio. Nilienda na kinasa sauti kwenye kikoba cha akina mama mtaani kwetu, nikawachezea kipindi kwenye simu yangu, nikanyamaza. Dakika 10 hazikupita mmoja akasema: "Mwanangu, hizo riba tunazijua. Tuambie mwanachama akikimbia na hela tunamfanyaje, maana huyu wa kwetu tunajua hadi anapolala." Nikamtafuta mwanasheria, akaja, wakambana maswali mpaka magharibi. Tulirusha yote, pamoja na kelele za watoto. Salamu ziliendelea kuja, lakini safari hii zilichanganyika na maswali 31, na mengine sina majibu yake bado.

Sasa naomba msaada wenu. Natafuta kile kijitabu cha Mtu ni Afya, hata kilicholiwa na mchwa. Na kama una bibi au babu aliyewahi kuongoza kikundi, muulize kitu kimoja kwa niaba yangu: siku kikundi kilipokataa kukubaliana, alifanya nini? Niandikieni.