Nyumba na Vitabu Baina ya Dzaleka na Lilongwe, 2020–2021

Atakayetaka kuandika historia ya Malawi ya mwaka 2020 hatakosa nyaraka. Yako matangazo ya serikali, ziko amri za mahakama, ziko hesabu za wagonjwa zilizotolewa siku hata siku. Lakini akiuliza watu walifanya nini majumbani mwao jioni, walisoma nini, walicheza nini, na watoto walizungumza lugha gani uani wakati shule zimefungwa, atakuta kabati tupu. Makala haya yamekusudiwa kuweka japo karatasi chache ndani ya kabati hilo, hasa kwa mambo yanayotuhusu sisi walimu wa Kiswahili tulioishi baina ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe.

Hapana budi kwanza tusahihishe kosa moja. Watu husema, na baadhi yetu tumesikika tukisema, kwamba Malawi "ilifungwa" na kisha "ikafunguliwa". Kisheria haikufungwa kamwe. Hali ya maafa ilitangazwa tarehe 20 Machi 2020, mikusanyiko ya watu zaidi ya 100 ikakatazwa, na shule zote zikafungwa tarehe 23 Machi, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa. Wagonjwa watatu wa mwanzo walitangazwa tarehe 2 Aprili. Tarehe 14 Aprili Rais Peter Mutharika alitangaza kwamba watu wangebaki majumbani kwa siku 21 kuanzia usiku wa tarehe 18. Tarehe 17 Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo, baada ya watetezi wa haki za binadamu kulalamika kwamba masikini hawakuwekewa mpango wowote wa chakula. Basi masoko yakabaki wazi, na tarehe 23 Juni uchaguzi wa rais ukarudiwa, Lazarus Chakwera akashinda.

Hata hivyo, mwenye watoto watano katika nyumba ya vyumba viwili hakuhitaji sheria imwambie kwamba amefungwa. Shule ndiyo iliyofungwa, na shule ndiyo saa ya nyumba. Ikifungwa hiyo, asubuhi haina mwanzo. Kwa hiyo nikisema katika makala haya "kulegezwa", nina maana ya kufunguliwa kwa shule: tarehe 7 Septemba 2020 kwa madarasa ya mitihani, na tarehe 12 Oktoba kwa waliobaki. Ajabu ni kwamba kulegezwa huko kulitanguliwa na kukazwa, maana mwezi wa Agosti kuvaa barakoa kulifanywa lazima, na asiyevaa alipaswa kulipa faini ya kwacha 10,000. Tulitoka nje tukiwa tumefunga midomo.

Msomaji asiyeijua Dzaleka yafaa aambiwe kidogo. Iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 50 kutoka Lilongwe. Zamani za Dakta Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na jina lenyewe katika Chichewa lina maana iliyo karibu na "sitarudia tena". Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa katika uchaguzi, pakawa kambi ya watu waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda, Burundi na Kongo. Iliwekwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2020 walikuwa wamepita 40,000, walio wengi wakiwa Wakongo. Kiswahili hakifundishwi kambini kama somo la serikali, maana watoto hufuata mtaala wa Malawi, wenye Kiingereza na Chichewa. Lakini ndicho kinachonunulia nyanya sokoni, ndicho kinachoimbiwa kanisani, na ndicho Mrundi na Mkongo hupatanishwa nacho wanapogombana kwa ajili ya foleni ya maji.

Area 47 ni kitu kingine kabisa. Ni mtaa wa kuta na mageti, katika jiji ambalo mitaa yake huitwa kwa namba, na namba hizo hazifuati ujirani. Mgeni aweza kutafuta mtaa mchana kutwa kwa kudhani kwamba 47 lazima ifuatwe na 48. Humo wakaa wafanyakazi wa ofisi na wafanyabiashara, na miongoni mwao wasemaji wa Kiswahili wachache: Watanzania, Wakenya, na wakimbizi waliofanikiwa kidogo wakahamia mjini ingawa sera ya nchi ilitaka wakae kambini. Familia nyingi zilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Bibi yuko Dzaleka, baba ana duka mjini, wajukuu hupokezanwa wakati wa likizo.

Mwaka 2020 likizo iliendelea miezi mitano na zaidi. Majirani zetu hawakufanana nasi. Tanzania ilifungua shule zake zote tarehe 29 Juni. Kenya ilianza na madarasa machache tarehe 12 Oktoba. Uganda ilikaa hadi Januari 2022 ndipo watoto wote wakarudi. Malawi ilikuwa katikati. Masomo yalirushwa redioni, na kwa nyumba ya Area 47 yenye umeme na meza, mambo yalikwenda. Kambini redio moja ilisikilizwa na nyumba tatu, na betri zilipokwisha somo lilikwisha. Shule ya msingi ya Umodzi Katubza, iliyosimamiwa na Shirika la Majesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, ilikuwa na watoto wengi kupita kiasi hata kabla ya ugonjwa. Watoto hao wote wakamwagika vichochoroni kwa siku moja.

Wazee ndio waliowapokea. Na wazee, wasiojua Kiingereza wala Chichewa cha vitabuni, waliwafundisha kwa lugha waliyo nayo. Hapa ndipo historia ya lugha inapoingia, nami naomba nikae hapa kidogo.

Chukua kile kitambaa cha usoni. Watoto wa Dzaleka walikuwa na majina matatu ya kitu kimoja. Waliotoka Kongo waliita kashine, kutokana na Kifaransa. Wenzao Wamalawi waliita masiki. Na walimu, wakifuata redio za Dar es Salaam na Nairobi, walisema barakoa. Wengi walidhani barakoa ni neno jipya lililoletwa na ugonjwa. Sivyo. Ni neno la kale la pwani, lenye asili ya Kiarabu, la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu wa Unguja na Mombasa. Lilikuwa limelala katika kamusi likingoja kazi, na mwaka 2020 likaamshwa. Nilipowaeleza vijana jambo hilo, mmoja aliuliza kama kuna maneno mengine yaliyolala. Nilifurahi mno, kwa kuwa ni swali ambalo katika miaka yangu ya kusahihisha insha sikuwahi kuulizwa darasani.

Au chukua mikono. Mabango ya Chichewa yaliamuru "sambani m'manja", yaani naweni mikono. Bibi mmoja wa Kivu, aliyekuwa akisomewa bango na mjukuu wake, alidhani wanaambiwa wasambaze kwa mikono, akashangaa serikali gani inaamuru ugonjwa usambazwe. Tulicheka, lakini mwalimu na asicheke sana: lugha zilizo ndugu ndizo zenye mitego. Madzi ni maji, nkhuku ni kuku, nyumba ni nyumba. Mtu akishazoea urahisi huo, hutumbukia.

Upande wa pili kuna neno buku. Kiswahili cha Kongo husema buku, na Chichewa husema buku. Kitabu ni cha mwalimu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilipiga mstari mwekundu. Miezi ile ya nyumbani ilinifanya nisite, maana niliona kwamba kwa mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Malawi neno hilo ndilo daraja lake la kwanza kati ya lugha ya mama na lugha ya jirani. Sanifu tutaifundisha, ndiyo kazi yetu. Lakini mstari mwekundu si lazima uwe wa kwanza.

Juu ya burudani, mengi yalikuwa yale yale ya siku zote. Wanawake walifuma na kudarizi. Mafundi cherehani walishona barakoa kwa mabaki ya vitenge, na waliokuwa wakishona kwa kujifurahisha wakajikuta wana biashara. Mboga zilipandwa katika magunia na ndoo mbovu, lengalenga hasa, hata katika ua mmoja wa Area 47 ambako bustani ya maua iling'olewa nusu. Muziki haukukoma, ingawa kwaya zilipunguzwa. Kambi hii ndiyo iliyozaa tamasha la Tumaini mwaka 2014, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo ajulikanaye kama Menes la Plume, kwa hiyo si ajabu kwamba vijana walikuwa wakijizoeza mashairi yao nyuma ya nyumba.

Bao lastahili maneno zaidi. Wamalawi huliita bawo, na sheria zake ni zile zile za bao la Waswahili kwa kiasi kwamba Mzanzibari aweza kukaa Lilongwe akacheza bila mkalimani: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kunamua kwanza kisha mtaji. Wanyarwanda nao wana igisoro yao, ya safu nne vile vile. Chini ya mwembe mmoja nilisikia mabishano ya jioni nzima juu ya nani alimfundisha nani. Mimi sina jibu. Najua tu kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwapo Nkhotakota, kando ya Ziwa Nyasa, tangu miaka ya 1840, enzi za akina Jumbe, na kwamba biashara yao ya pembe na ya watumwa ilibeba pia lugha na michezo. Mzee aliyekuwa akishinda hakupendezwa na habari ya watumwa. Alisema mchezo hauna kosa. Mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akitazama ndiye aliyehesabu kete kwa Kiswahili hadi 64 bila kukosea, naye wakati wa masika alikuwa hajui kupita ishirini.

Sasa vitabu. Kitabu kipya kilichowafikia watoto wengi kuliko vyote miezi hiyo hakikuuzwa dukani. Kilitolewa Aprili 2020 na kamati ya mashirika ya kimataifa, kikaandikwa na kuchorwa na Helen Patuck baada ya watoto, wazazi na walimu zaidi ya 1,700 duniani kuulizwa hofu zao. Jina lake kwa Kiswahili lina maana ya "Shujaa wangu ni wewe". Ni hadithi ya msichana Sara, ambaye mama yake ni mwanasayansi, anayesafiri na joka jema liitwalo Ario kuwaeleza watoto wenzake habari za ugonjwa. Kilitafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo. Sisemi kwamba ni fasihi kubwa. Kina mafunzo mengi kuliko hadithi. Lakini kilikuwa bure, kilikuwa na picha, na kilikuwa kwa Kiswahili, na kwa mtoto ambaye hajapata kuona kitabu kilichoandikwa kwa lugha inayosemwa nyumbani kwao, hayo matatu yalitosha.

Hadithi nyingine zilitoka katika mkusanyo wa African Storybook, wa Afrika Kusini, unaoruhusu mtu yeyote kuchapa na kutafsiri. Shida ilikuwa kuchapa. Katika nyumba mbili tatu nilizozijua, simu moja ya mjini ilipelekwa kambini mwisho wa juma, na watoto wakubwa wakanakili hadithi kwa mkono katika madaftari, picha zikichorwa upya na aliye na kipaji. Joka la Ario nimeliona likiwa na sura ya mbuzi. Makosa ya kunakili yalikuwa mengi, na baadhi yalikuwa maboresho.

Watu wazima walikuwa na haja nyingine. Septemba 2020, mwezi ule ule wa kufunguliwa shule, Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya Afterlives huko Uingereza, nasi hatukuwa na habari. Tulimjua kwa wingi Oktoba 2021, alipopewa Tuzo ya Nobeli. Habari kwamba mshindi alizaliwa Unguja na aliondoka kwao akiwa kijana mkimbizi ilipokelewa Dzaleka kwa namna isiyofanana na ilivyopokelewa mjini. Mjini watu walimwita Mtanzania. Kambini walimwita mwenzetu. Lakini kitabu chake kwa Kiswahili kilikuwa wapi? Hapakuwapo. Mpaka mwaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walipotoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994: umri ule ule wa kambi yetu.

Kulegezwa kwenyewe hakukudumu. Shule zilifungwa tena tarehe 18 Januari 2021, baada ya wimbi la pili lililoua hata mawaziri wawili kwa siku moja, zikafunguliwa tarehe 22 Februari. Mwezi wa Machi chanjo zikaja, na mwezi huo huo serikali ikawaamuru wakimbizi wote waliokaa mijini warudi Dzaleka ifikapo tarehe 28 Aprili. Mahakama ikasimamisha amri hiyo kwa muda. Mwaka 2023 ilitekelezwa. Kuanzia Mei maduka yalifungwa na watu wakapakiwa katika magari. Miezi miwili baadaye, katika sherehe za uhuru za Julai ambazo Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alihudhuria, Malawi ilitangaza nia ya kuingiza Kiswahili katika shule zake. Mambo hayo mawili yalitokea majira mamoja, na sikusikia mtu akiyataja pamoja.

Nyumba moja niliyokuwa nikiitembelea mjini ilihamishwa Mei ile. Nilipowakuta kambini, baba alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka mashine yake ya kunyolea. Binti alikuwa ameketi juu ya gunia akiwasomea watoto wa jirani kutoka katika daftari la mwaka 2020, lenye jalada lililoandikwa kwa wino wa bluu: BUKU YA HADITHI. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Sikuitoa.