Nibu za Chuma Katika Nchi ya Dhahabu

Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 1936, na hadi ulipofungwa mwaka 1966 hapakuwa na mgodi wa dhahabu uliouzidi ukubwa katika Afrika Mashariki nzima. Katika miaka hiyo thelathini zilitoka humo wakia zipatazo milioni moja. Dhahabu ya dunia wakati ule iliishia zaidi kwenye hazina za benki kuu na mikononi mwa masonara. Kidogo kilikwenda mahali ambapo wachache hupafikiria: kwenye ncha za kalamu.

Nibu ya kalamu nzuri ya wino ilikuwa ya karati 14, yaani sehemu 585 za dhahabu katika kila 1,000, na kwa kawaida uzito wake haukufika gramu moja. Wakia moja ilitosha nibu zaidi ya hamsini. Dhahabu haikuwekwa kwa ajili ya urembo tu. Wino wa ofisi wa zama zile ulitengenezwa kwa tanini na chumvi ya chuma, ukawa na asidi, na asidi hiyo ilikula chuma polepole. Dhahabu haishiki kutu. Ila ni laini, kwa hiyo ncha yake ilichomelewa punje ya madini magumu ya jamaa ya platinamu ili isilike kwa kusugua karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali za Ujerumani na Japani zilipotaka kila gramu kwa ajili ya vita, zilivizuia viwanda vyake vya kalamu kutumia dhahabu, navyo vikarudi kwenye chuma.

Kalamu hizo za dhahabu, Parker, Waterman, Sheaffer na Montblanc, ndizo zinazosakwa na wakusanyaji wa leo Ulaya, Marekani, India na Japani. Lakini mtu anayetaka kuijua historia ya maandishi katika ukanda wa Shinyanga na Geita hatafika mbali akizifuata hizo. Makarani, makatekista, walimu na wapima pamba wa huku waliandika kwa chuma. Kalamu zao zilitoka kwa watengenezaji ambao majina yao hayang'ai dukani, na kwa maoni yangu hizo ndizo zenye cha kusimulia.

Maandishi yenyewe yalifika kabla ya kalamu ya wino. Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na waandishi wa kumwandikia barua zilizokwenda hadi kwa balozi wa Uingereza huko Unguja, na misafara ya pwani ilibeba mikataba na hesabu za pembe kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1891 Mapadre Weupe walifungua misheni ya Ushirombo, ambayo leo iko wilayani Bukombe, mkoa wa Geita. Shirika lao liliagiza kila kituo kiweke kitabu cha matukio: nani kafika, nani kafa, mvua imenyesha au haijanyesha. Vitabu vya namna hiyo viliandikwa kwa kalamu ya kuchovya: kijiti cha mti, nibu ya chuma na kidau cha wino. Nibu hizo zilitengenezwa kwa mamilioni mjini Birmingham, mji ambao katika karne ya 19 ulitoa sehemu kubwa ya nibu za chuma za ulimwengu. Zilikuwa rahisi kiasi kwamba ikipinda hukuinyoosha. Uliitupa ukachukua nyingine.

Mambo yalibadilika kwa reli na kwa kodi. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliweka sheria ya utawala wa kienyeji, na kila mtemi wa Usukuma akahitaji karani wa kuandika kodi, kesi na mishahara. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza ikipita Shinyanga. Maduka ya Wahindi yaliyokuwa yameanza kuota yakazidi kushamiri kando ya njia hiyo, na ndani yake, pembeni ya khanga, majembe na mafuta ya taa, palikuwa na daftari, chupa za wino na kalamu. Wenye maduka wenyewe walikuwa watu wa maandishi. Kwa wafanyabiashara wa Kigujarati walio Wahindu, mwaka mpya wa hesabu hufunguliwa wakati wa Diwali kwa ibada ya vitabu vya hesabu, na kalamu na wino huwekwa mbele pamoja na vitabu hivyo.

Elimu nayo ikapanda ngazi. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha mkoani Shinyanga aliyesoma Makerere, aliingia Baraza la Kutunga Sheria pamoja na Abdiel Shangali wa Machame. Hao ndio Waafrika wa kwanza kukaa humo. Lakini kwa kila mtemi aliyefika barazani walikuwapo makarani mamia waliobaki vijijini wakichovya nibu.

Kilichoitia kalamu wino wa kweli kilikuwa pamba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Kisukuma aliuza pamba yake kwa wanunuzi na wenye vinu vya kuchambulia, wengi wao Waasia, na lawama kubwa ilikuwa mzani. Mkulima asiyejua kusoma aliambiwa uzito, akapewa fedha, akaondoka na shaka. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wa mzigo wake kabla hajaufikisha kwa mnunuzi. Hapo ndipo kijana Paul Bomani, mtu wa chama cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alipopata kazi ya maisha yake. Mwaka 1952 yeye na wakulima walianzisha umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vilivyotokana nao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla muongo haujaisha, shirikisho hilo lilikuwa na vyama vya msingi zaidi ya mia mbili, na lilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kuliko vyote barani Afrika.

Chama cha msingi kilikuwa nini hasa? Ghala la bati, mzani, mlinzi na karani. Katika msimu wa kununua pamba, foleni ya wakulima na magunia yao ilianza alfajiri. Pamba safi iliwekwa upande wake, pamba fifi upande wake, kila moja ikapimwa, na karani akaandika jina, uzito, daraja na fedha. Mkulima aliondoka na stakabadhi, nakala ikabaki kitabuni. Ugomvi wote wa zamani wa mzani ulikuwa umehamia kwenye karatasi: uaminifu wa ushirika ulisimama juu ya tarakimu za karani, na mwandiko wake ulikuwa wa kusomwa na kila mtu, hata mkaguzi aliyekuja mwaka uliofuata na wino mwekundu.

Hapa ndipo nibu ya chuma ilipoipita ya dhahabu. Stakabadhi yenye nakala huandikwa juu ya karatasi ya kaboni, na kaboni inataka kukandamizwa. Nibu laini ya dhahabu ukiikandamiza inachanua, meno yake yanaachana, wino unamwagika. Watengenezaji kadhaa walikuwa na nibu maalumu ngumu kwa kazi ya nakala. Kampuni ya Marekani ya Esterbrook, ya Camden, New Jersey, iliuza nibu za chuma za kila namna, zilizofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu: ya hesabu ndogondogo, ya saini, ya kaboni. Karani angeweza kubadilisha nibu akabaki na kalamu ileile. Katika miaka ya 1930 Esterbrook iliuza kalamu yake kwa dola moja, wakati Parker 51 ilipotoka mwaka 1941 bei yake ilikuwa dola 12 na nusu.

Waingereza nao walikuwa na za kwao za bei ya chini. Kampuni ya Mentmore ya London, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilitengeneza Platignum, kalamu ya wanafunzi iliyouzwa kwa wingi Uingereza na katika makoloni. Conway Stewart, ya mwaka 1905, ilisimama hatua moja juu: nibu ya dhahabu ndogo, mwili wa rangi za marumaru, bei ya mwalimu. Osmiroid ilipendwa na waliofundisha mwandiko. Na upande wa pili wa bahari, katika mji wa Rajahmundry, India, K. V. Ratnam alianza mwaka 1932 kutengeneza kalamu kwa mkono kwa sababu Gandhi alitaka watu wa nchi yake watumie vitu vyao wenyewe. Mwaka 1935 Gandhi alimwandikia barua ya shukrani.

Shika Platignum ya miaka ya 1950 uitazame. Mwili wake wa plastiki ni mwepesi mno, na pembeni una kikono chembamba cha bati kilicholala kwenye mfereji wake. Ukikiinua kwa ukucha, upau ulio ndani unaubana mfuko wa mpira, na nibu ikiwa ndani ya chupa ya wino viputo vinatoka. Ukikirudisha, mfuko unajitanua na kuvuta wino. Ni mbinu aliyoisajili Mmarekani Walter Sheaffer mwaka 1908, na viwanda vidogo vya dunia nzima viliikopa. Nibu ilipakwa rangi ya dhahabu, lakini ile iliyofanya kazi imechubuka ikaonyesha kijivu cha chuma, na chini yake, pale wino ulipozoea kukaa, kuna ukingo wa kutu. Ukiitikisa unasikia mkwaruzo: mpira umekauka kwa miaka ukavunjika vipande vyeusi. Mwenye kalamu mara nyingi alikwangua jina au herufi zake kwenye kifuniko kwa sindano. Mfanyabiashara wa Ulaya atakwambia herufi hizo zinaishusha bei. Mimi nasema bila herufi hizo kalamu hiyo haina thamani kubwa.

Baada ya Uhuru njia ya bidhaa iligeuka. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na ofisi za serikali na za chama tawala zikajaa watu wapya wa kalamu. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioungwa mkono na UNESCO, ulianza katika mikoa ya ziwa ukiwa na makao Mwanza, na wakulima waliokuwa wakipiga dole gumba wakaanza kutia saini. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani Tanzania na Zambia, kwa hiyo mtu wa Kahama ambaye hakuwahi kuiona reli hiyo aliilipia kidogo kila aliponunua kitu cha China.

Miongoni mwa kalamu za China, Hero ya Shanghai ndiyo iliyotamba. Kiwanda kilianza mwaka 1931 kwa jina la Huafu. Umbo la Hero 616 liliigwa waziwazi kutoka Parker 51: nibu imefichwa ndani ya pua ya plastiki, inaonekana ncha tu. Wakusanyaji wengi huibeza kwa uigaji huo. Wanakosea. Nibu iliyofichwa haikaukiwi wino haraka, jambo linalomfaa mtu anayeandika mchana wa jua kali, na mfuko wake wa plastiki ndani ya kibano cha chuma haugandi kama mpira. Ndiyo maana Hero ya miaka ya 1970, ikioshwa tu, mara nyingi huandika leo hii, na Platignum ya karani wa pamba haiandiki mpaka iwekewe mfuko mpya.

Kilichoziua zote ni kalamu ya biro. Biro haikuhitaji chupa, haikumwagika ndani ya shati, na juu ya kaboni ilikandamizika bila kulalamika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi pamba kwa mamlaka ya zao. Viliporudi katika miaka ya 1980, SHIRECU ya Shinyanga ikiwamo, kazi ya mzani ilikuwa ya biro.

Mwezi Januari 1980 bei ya dhahabu duniani ilifika dola 850 kwa wakia, na kalamu nyingi za zamani katika nchi nyingi ziling'olewa nibu zikayeyushwa. Tangu hapo bei imepanda zaidi, na Geita penyewe, ambako soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019, kila mtu anajua gramu ni shilingi ngapi. Nibu ya chuma haikumvutia sonara yeyote. Adui zake ni kutu, watoto na jalala.

Kwa hiyo, msomaji wa Shinyanga, Kahama, Maswa au Geita, fungua lile sanduku la marehemu babu. Ukikuta kalamu ya wino iliyokauka, usiivute kwa nguvu wala usiichemshe. Loweka sehemu ya nibu tu kwenye maji ya baridi. Usizisugue herufi zilizokwanguliwa. Andika kwenye karatasi jina la mwenye kalamu, chama au shule aliyofanyia kazi na miaka yake, uifunge pamoja na stakabadhi au daftari lolote ulilokuta nayo. Kama nyumbani hapana pa kuitunza, Makumbusho ya Bujora kule Kisesa, yenye ngoma na vitu vya watemi, ni mahali pa kuanzia kuuliza.