Posho ya Kilo-Moto

Ukitaja Mongbwalu hapa Kyangwali, watu huwaza mambo mawili: dhahabu na vita. Mimi huwaza maharage. Nilikula maharage ya shangazi yangu vakansi nzima ya shule, miaka ya 1990, katika nyumba ya matofali kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Ndiyo, kambi. Sisi watu wa Ituri tulilijua neno hilo kabla hatujawa wakimbizi.

Historia yenyewe inajulikana. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu katika mto Agola, karibu na Kilo, nchi ya Wanyali. Uchimbaji ukaanza 1905, Kongo ikiwa bado mali ya Mfalme Leopold II. Wabelgiji wakaichukua 1908, mashimo yakaendelea kama kawaida. 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, na 1966 serikali ya Mobutu ikaifanya shirika la umma.

Sasa niulize swali ambalo watu hawaulizi sana: nani aliwalisha? Maelfu ya wanaume walio shimoni hawalimi. Machifu waliagizwa watoe vijana wa kuchimba, halafu watoe pia chakula. Kabla ya barabara, mizigo ilibebwa kichwani, siku na siku. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya kilimo cha lazima kwa koloni nzima. Bibi yetu alilima muhogo na maharage kijijini, mbali kabisa na mgodi, na dhahabu hakuwahi kuiona. Shangazi alinisimulia kwamba kikapu cha bibi kikipungua, kapita alikuja kumtafuta mumewe.

Kile kikapu kilifika kambini kwa jina jingine: posho. (Hapa Uganda posho ni unga wa mahindi. Kwetu ilikuwa fungu zima la mfanyakazi: mchele, maharage, chumvi, mafuta ya mawese, samaki mkavu.) Shangazi, aliyeolewa na fundi wa mgodi, alikuwa bado anatunza kopo la kupimia. Nyumba pia ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa karai. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaire iliruhusu raia kuchimba wenyewe, kwa hiyo mtoni palijaa watu: Walendu, Wahema, Waalur, Wanyali, Walogo, wote na Kiswahili kimoja, kile kilichokua kambini. Tuliosha mchanga toka asubuhi hadi kiuno kinauma. Jioni mnunuzi aliweka punje zetu kwenye mizani ndogo, upande wa pili njiti ya kiberiti. Binamu yangu alishika pesa, akaenda moja kwa moja kununua maharage, ambayo pale mjini yalikuwa ghali kuliko kwetu. Mimi nilishangaa, yeye hata kidogo.

Vita ilipofika, 2002 na 2003, Mongbwalu ilitekwa na kutekwa tena na vikundi vilivyotaka mashimo. Huwa inaelezwa kama vita ya makabila mawili, basi. Sikatai, nina makaburi yangu. Ila aliyekuwa pale anakumbuka pia mashamba yaliyochomwa na barabara ya Bunia iliyofungwa. Dhahabu ilipata njia ya kutoka. Chakula hakikupata njia ya kuingia.

Majuzi kijana mmoja anayekusanya masimulizi ya wazee hapa aliniuliza kama nina ndugu aliyefanya kazi Kilo-Moto. Nikamtajia mume wa shangazi, akaandika. Nikamtajia bibi. Akasimamisha kalamu: "Lakini mzee, huyo si alikuwa mkulima tu?"

Nikamwambia aandike.