Mtoto Anapotanguliza Matako: Mwongozo kwa Familia Zinazongoja Kujifungua Mtinko na Vijiji Vyake



Mara kadhaa baada ya Misa tumefikiwa na mama mjamzito aliyeshika kadi yake ya kliniki, akitaka tumsomee neno moja lililoandikwa na mkunga: matako. Hakuja kuomba tiba, kwa maana anajua kwamba sisi si waganga. Amekuja kwa sababu mama mkwe amekwisha kumwambia jambo moja, jirani amemwambia jingine, na wiki zilizobaki ni nne au tano. Makala hii tumeiandika kwa ajili yake na kwa ajili ya nyumba yake. Haichukui nafasi ya mkunga au daktari aliyempima.

Katika miezi ya katikati ya mimba mtoto hugeuka huku na huku apendavyo. Ifikapo wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa bado ameweka kichwa juu. Wengi wao hujigeuza wenyewe, hata mimba inapokomaa hubaki watatu au wanne tu kati ya mia. Kwa hiyo neno hilo likiandikwa katika wiki ya 30 ni taarifa ya kufuatilia. Likiandikwa katika wiki ya 36 ni mwito wa kupanga.

Watoto hawa hawakai namna moja. Wengi hutanguliza matako huku miguu imenyooshwa juu hadi karibu na uso. Wengine hukunja magoti kama mtu aliyechuchumaa. Wachache hutanguliza unyayo mmoja au zote mbili, na hao ndio wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu maji yakipasuka kamba ya kitovu huweza kuteremka kabla ya mtoto na kubanwa.

Sababu mara nyingi haipatikani. Huweza kuwa mapacha, mimba isiyotimiza miezi, maji ya uzazi kuzidi au kupungua, kondo la nyuma kukaa chini, uvimbe katika mfuko wa uzazi, au umbo la mfuko wenyewe. Tunataja haya ili kusema wazi lisilokuwamo: hakuna kosa la mama, ugomvi wa ukoo wala laana. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno kigego kwa mtoto aliyehesabiwa kuwa wa mkosi kwa namna alivyozaliwa au alivyoota meno, na zipo jamii zilizowatendea vibaya watoto hao. Majirani zetu wa magharibi, Wasukuma na Wanyamwezi, walikuwa na hekima zaidi: mtoto aliyetanguliza miguu walimpa tu jina, Kashinje au Kashindye, na jina hilo hubebwa hadi leo na watu wazima wenye heshima zao.

Mkunga hutambua mlalo huu kwa mikono. Hupapasa juu ya tumbo na kukuta kitu kigumu cha mviringo kinachochezacheza, ambacho ni kichwa. Na mapigo ya moyo wa mtoto huyasikia juu zaidi, karibu na kitovu cha mama au kupita hapo. Mama naye huweza kuhisi mateke chini na kitu kigumu kikimsukuma chini ya mbavu. Lakini mikono hukosea, hata ya mzoefu, na hivyo kipimo cha altrasaundi ndicho kinachothibitisha, na pia kuonyesha kondo liko wapi. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza mahudhurio ya kliniki yasiishie mwezi wa saba. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limependekeza mahudhurio manane, na matano kati ya hayo yako baada ya wiki ya 28. Mama anayeacha kwenda mwishoni, kwa kuwa anajisikia vizuri na shamba linamngoja, hukosa kipindi chenyewe ambacho mlalo wa mtoto huamua mambo.

Je, mtoto anaweza kugeuzwa? Anaweza, kuanzia wiki ya 36 au 37, kwa daktari kumsukuma polepole kwa mikono juu ya tumbo huku moyo wa mtoto ukipimwa. Karibu nusu ya majaribio hufaulu. Kazi hii hufanyika mahali penye chumba cha upasuaji kilicho tayari, kwa kuwa mara chache, takriban mara moja kati ya mia mbili, huhitajika upasuaji wa haraka. Haifanywi kwa mama mwenye mapacha, anayetokwa damu, mwenye kondo lililokaa chini au ambaye maji yamekwisha kupasuka. Si kila hospitali ina mtaalamu wa kazi hii. Ni haki ya mama kuuliza.

Hapa tuombe radhi kwa bibi zetu, ambao wengi wao walitupokea duniani kwa mikono yao. Kukanda tumbo nyumbani ili kumgeuza mtoto kunafanana kwa macho na kile afanyacho daktari, lakini si kitu kimoja. Anayekanda hajui kondo liko wapi, hasikii moyo wa mtoto ukilegea, na kondo likibanduka hana pa kukimbilia. Hali kadhalika dawa za mitishamba za kuongeza uchungu: zikikaza mfuko wa uzazi wakati mtoto hapiti, mfuko huweza kupasuka. Bibi mwenye upendo na amsindikize mama kliniki, na mikono yake ishike mzigo.

Kuhusu namna ya kujifungua, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26, ulionyesha kwamba watoto waliopatwa na kifo au madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6 kwa upasuaji uliopangwa na asilimia 5 kwa njia ya kawaida. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo zaidi katika nchi zenye vifo vingi vya watoto wachanga. Tangu hapo sehemu nyingi za dunia upasuaji umekuwa desturi, na ujuzi wa kumpokea mtoto wa matako umepungua. Hata hivyo kujifungua kwa njia ya kawaida bado kunawezekana kwa baadhi ya akina mama, mbele ya mtaalamu aliyezoea, mtoto akiwa wa wastani na hakutanguliza nyayo. Hatari yake ni kwamba mwili mwembamba hutoka kwanza, na kichwa, kilicho kikubwa zaidi, hubaki nyuma. Upasuaji nao una gharama isiyoonekana siku hiyo: kovu hubaki katika mfuko wa uzazi, na mimba zote zinazofuata hutakiwa kuishia hospitali. Familia inayotamani watoto wengi iliulize hilo mapema.

Mtinko tuna Hospitali ya Mtakatifu Carolus, na hiyo ni neema. Lakini anayeishi ndani ya Mudida au Makuro anajua jinsi njia inavyobadilika mvua zinapoanza mwezi Desemba, na pikipiki usiku si gari la wagonjwa. Kwa mama mwenye mtoto wa matako, ushauri wetu ni mmoja: asingoje uchungu umkute kijijini. Kuanzia wiki ya 37 au 38 akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya kusubiria kujifungua, zile ambazo wengi huziita Chigonela, mahali zilipo. Baba amwandalie nauli, mtu wa kubaki na watoto, na ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, iandikwe ukutani. Maji yakipasuka na kamba ikaonekana, mama apige magoti, ainamishe kifua chini na kuinua nyonga, kamba isirudishwe ndani, na safari ianze hapo hapo. Mtoto akianza kutoka njiani, asivutwe.

Uamuzi wa upasuaji nao ufanywe nyumbani kabla, mume na mke wakiwa pamoja. Tumeona saa za thamani zikipotea kwa kumtafuta mzee wa ukoo kwa simu ilhali mama yuko kitandani. Na ile kauli kwamba aliyepasuliwa hakuzaa, waamini waiache. Mtakatifu Raymundo, aliyefariki mwaka 1240, anaitwa Nonnato, yaani asiyezaliwa, kwa sababu kwa mapokeo alitolewa tumboni mwa mama yake aliyekwisha kufa. Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wakunga na wajawazito.

Mama anayekabili upasuaji mkubwa anaweza kuomba Mpako wa Wagonjwa. Katekisimu, namba 1515, yasema hivyo. Si sakramenti ya kumwaga anayekufa. Na mtoto akizaliwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa, hata muuguzi asiye Mkatoliki, anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu (kanuni 861).

Mtoto aliyekaa hivyo tumboni huweza kuendelea kuinua miguu kwa siku kadhaa, jambo linalowashtua wengi bila sababu. Kinachohitaji uangalizi ni nyonga zake, ambazo huweza kuwa legevu. Zipimwe kabla ya kutoka hospitali na tena katika wiki ya sita. Mama wa Kinyaturu anayembeba mtoto mgongoni kwa kanga, magoti yamekunjwa na mapaja yamepanuka kiunoni mwake, anampatia mlalo ule ule ambao madaktari wa mifupa huwatafutia watoto wa nchi za baridi kwa mikanda maalumu.