Njia ya Dhahabu, Shinyanga hadi Geita

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Geita kwa gari, akipitia Kahama, hukata nchi ya mbuga na majabali, pamba upande huu na ng'ombe upande ule. Kuna machache njiani yamwambiayo kwamba anapita juu ya historia ya zaidi ya karne moja. Historia hiyo imeandikwa, lakini nusu tu.

Nusu iliyoandikwa ni ya makampuni. Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwaka 1898. Mgodi wa chini ya ardhi ukafanya kazi tangu 1936 hadi 1966, ukatoa yapata wakia milioni moja, ukasifiwa kuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Hapo waandishi wengi hufunga kitabu, wakakifungua tena mwaka 2000, mgodi mpya wa wazi ulipozinduliwa. Miaka 34 ya katikati huhesabiwa kuwa usingizi.

Hukumu hiyo si ya haki. Katika miaka hiyo ndipo dhahabu ya ukanda huu ilipokuwa mikononi mwa watu wengi. Sheria ya Madini ya 1979 iliruhusu wachimbaji wadogo katika maeneo yaliyotengwa, na mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kwa bei ya kuvutia, bila kudadisi sana asili yake. Mali iliyokuwa ikivushwa mipakani kwa siri ikaanza kuingia hazina. Kuiita kazi hiyo ubahatishaji ni kutoijua. Duara huchimbwa kwa mkono, likaegemezwa kwa magogo. Jiwe hupandishwa kwa kamba, likapondwa, likaoshwa, nayo dhahabu ikakamatwa kwa zebaki iliyowadhuru wengi. Mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji hawakulipana mshahara: waligawana viroba vya mawe, kila mmoja na bahati yake. Huo ni utaratibu kamili wa mali na kazi, ingawa haukuwekwa katika daftari la kampuni yoyote.

Jambo hili halionekani wazi popote kuliko Bulyanhulu, kaskazini ya Kahama. Dhahabu ilijulikana huko katika miaka ya 1970, na maelfu ya watu wakakusanyika. Agosti 1996 serikali iliwaamuru waondoke, na mashimo yakafukiwa ili kampuni yenye leseni ishike eneo. Yalizuka madai kwamba baadhi ya watu walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha, na ubishi huo ungali haujakwisha. Mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2001. Mwanahistoria akitaka kujua nani alikuwa chini ya ardhi siku ile, hana orodha isiyobishaniwa ya kuifungua.

Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma 2021: umri mfupi. Nyarugusu, katika Mkoa wa Geita, watu wangali wakishuka kwa kamba. Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la madini, ambako mchimbaji mdogo huleta dhahabu yake ikapimwa, ikathaminiwa na kutozwa mrabaha. Uzito na bei huandikwa kwa uangalifu. Duara ilikotoka, na waliokufa humo, bado husimuliwa kwa mdomo.